Unamwomba Nani, Mwanangu?

Akina mama wapendwa, tunawaandikia kutoka Nambambo, wilaya ya Nachingwea. Sisi tunaoandika ni wanawake Wakristo wa hapa, wengine Waanglikana na wengine Wakatoliki. Kila Ijumaa ya kwanza ya Machi tunasali pamoja katika Siku ya Maombi ya Dunia, na siku nyingine tunakutana msibani, shambani na kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Safari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotushughulisha kwa miezi kadhaa, nalo ni yoga.

Huenda msomaji akauliza, Nambambo na yoga wapi na wapi? Huku kwetu tumezoea jembe, korosho na ufuta. Lakini watoto wetu wanasoma na kufanya kazi Dar es Salaam, Nairobi na nchi za mbali, na simu imeleta dunia nzima mpaka jikoni. Tangu mwaka 2015, tarehe 21 Juni ni Siku ya Yoga Duniani, kwa azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2014. Kwa hiyo jambo hili litabisha hodi nyumbani kwako pia, kama halijabisha bado.

Kwetu lilikuja kwa njia ya machozi. Binti wa mwenzetu mmoja, aliyeolewa na anayeishi mjini, mimba zake mbili ziliharibika katika muda wa miaka miwili. Akaanza kuuchukia mwili wake. Hata kioo hakutaka kukitazama. Rafiki yake wa kazini akampeleka kwenye darasa la yoga. Mwalimu aliwaambia wanyooshe mgongo, wafungue kifua, waweke mikono juu ya moyo na kuipokea neema. Binti yule alilia sana siku hiyo, na usiku akapata usingizi aliokuwa ameukosa kwa muda mrefu.

Alipokuja kwa Krismasi, mama yake alimkuta alfajiri ameketi mkekani, macho ameyafumba. Akamwuliza kwa upole, "Unamwomba nani, mwanangu?" Binti akajibu, "Mama, hata mimi sijui. Ninachojua ni kwamba kule ndiko nilikoambiwa mwili wangu si adui yangu."

Mama akatuletea maneno hayo. Wengine walisema ni ushetani, mkeka uchomwe moto. Wengine walisema ni mazoezi tu, kama netiboli. Tukaona kwamba majibu yote mawili ni mafupi mno kwa mtoto mwenye huzuni. Tukawaomba viongozi wetu wa dini watusaidie kusoma, na binti mwenyewe akatueleza yale aliyofundishwa.

MAFUNDISHO YENYEWE NI YAPI?

Yoga ni ya aina nyingi. Ile aliyofundishwa binti yetu ina asili katika Anusara, aina iliyoanzishwa mwaka 1997 na Mmarekani aitwaye John Friend. Jina hilo ni la lugha ya Kisanskriti, na wenyewe hulieleza kuwa ni kwenda na mkondo wa neema. Kila zoezi huanza kwa kujifungua kwa neema kabla ya kukaza msuli wowote. Halafu huangaliwa mambo matatu: nia ya moyo, mpangilio wa viungo, na tendo lenyewe.

Nyuma ya mazoezi hayo kuna falsafa ya zamani sana ya Wahindu, iitwayo Tantra. Watu wa Magharibi wengi wakisikia neno hilo hufikiri ni mambo ya chumbani. Hilo ni sehemu ndogo tu ya habari. Huko Kashmir, kaskazini mwa India, karibu na mwaka 1000, aliishi mwalimu mkubwa aitwaye Abhinavagupta. Yeye na wenzake walifundisha kwamba vitu vyote ni Ufahamu mmoja, waliouita Shiva, na nguvu yake waliiita Shakti. Walimu wengine wa India walikuwa wamesema kwamba ulimwengu huu ni kama kivuli kinachodanganya macho. Hawa wa Kashmir walisema hapana, ulimwengu ni wa kweli, mwili ni wa kweli, nao ni Shiva mwenyewe anayejionyesha.

Wakasema tena kwamba Shiva ana kazi tano: kuumba, kutunza, kuondoa, kujificha na kujifunua. Kule kujifunua ndiko wanakokuita neema. Kwao moyo ni jina la ule Ufahamu wenyewe, ulio ndani kabisa ya kila mtu. Mwanadamu amesahau kwamba yeye ni huyo Mmoja. Neema inapomjia, anakumbuka.

TUNAPOKUBALIANA

Tuseme kweli, akina mama: kuna maneno hapo ambayo Mkristo hawezi kuyakataa kwa sababu tu yametoka mbali. Kwamba mwili si takataka, hilo ni neno letu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, kinatuambia Mungu aliviona alivyovifanya kuwa ni vyema sana. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho, 1 Wakorintho 6:19, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Naye Mwana wa Mungu hakuona haya kukaa miezi tisa katika tumbo la mwanamke na kunyonya maziwa yake.

Mwanamke wa Nambambo anahitaji kuyasikia haya. Kutwa ameinama na jembe, jioni ana mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Akizaa anasifiwa. Asipozaa, au mimba ikiharibika, wako wanaomnyooshea kidole kana kwamba mwili wake umefanya dhambi. Injili haisemi hivyo. Binti yetu aliambiwa neno la kweli na watu wa mbali, na sisi tukamwonyesha kwamba neno hilo liko katika Biblia aliyopewa siku ya Kipaimara chake.

Tena, kwamba neema hainunuliwi kwa jasho bali hupokelewa, hilo nalo tunalijua. Ni mafundisho ya Waefeso sura ya 2.

TUNAPOACHANA

Lakini lile swali la mama bado liko palepale: unamwomba nani? Katika falsafa ile, mwisho wa safari yote, anayetoa neema na anayeipokea ni mmoja. Ukishuka mpaka chini kabisa ya moyo wako, unajikuta wewe, kwa kuwa wewe ndiye Yeye aliyekuwa amejificha. Walimu wao husema hilo si upweke, kwa sababu Mmoja huyo yumo katika wote.

Sisi tulimfikiria mama aliyepoteza watoto wawili kabla hajawaona. Je, itamtosha kuambiwa kwamba chini ya moyo wake kuna yeye mwenyewe tu, hata kama ni yeye aliye mkubwa kupita anavyojidhani? Mwenye kilio anahitaji mtu wa kumwegemea. Zaburi ya 139 inasema Mungu alituona tungali tumboni, kabla hatujakamilika. Kwa hiyo wale watoto wawili wanajulikana na Yeye. Na katika Yohana 11 tunasoma kwamba Yesu alimlilia rafiki yake, huku akijua atamfufua. Huyo ni mwingine, si mimi. Ndiyo maana anaweza kunishika mkono.

Na moyo nao, Biblia hausifii bila kuuchunguza. Yeremia 17:9 inatuonya kwamba moyo ni mdanganyifu. Ezekieli 36:26 inatuahidi moyo mpya, uliotolewa na Mungu mahali pa ule wa jiwe. Kuufungua moyo ni jambo jema, lakini mlango ukifunguliwa ni lazima kujua anayeingia ni nani.

KUCHEKECHA SI JAMBO GENI KWETU

Watu wa kusini tumekwisha kupita njia ya namna hii. Mama zetu waliingia unyagoni, na wengi wetu pia. Manyakanga walitufundisha kwa mwili: kwa ngoma, kwa kucheza, kwa kuketi na kunyamaza. Kulikuwa na mema mengi, kama usafi, heshima kwa wazazi na namna ya kumtunza mzazi na mtoto. Kulikuwa pia na yasiyofaa, kama kuwafunza watoto wadogo mambo ya watu wazima.

Wamisionari wengi walitaka kuyafuta yote. Huko Masasi, ambako Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alianzisha kituo mwaka 1876, mmoja alifikiri tofauti. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, alikaa na wazee Wakristo wakalipitia jando. Yasiyopatana na Injili yakaondolewa, mengine yakaachwa, na sala za Kikristo zikaingizwa. Wako waliombishia, na mabishano hayo hayakuisha. Lakini alituachia mfano wa kuchekecha kama tunavyochekecha unga: hatumwagi debe zima kwa ajili ya pumba, wala hatupiki pumba.

Upande wa Wakatoliki nako kuna la kujifunza. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Kanuni ya baba yao, Mtakatifu Benedikto, inaanza kwa kumwita mwanafunzi asikilize kwa sikio la moyo. Karne nyingi baadaye Mbenediktini mwingine, John Main, alijaribiwa na swali kama letu. Kabla ya kuwa mtawa alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza huko Malaya, na katika miaka ya 1950 mwalimu wa Kihindu alimfundisha kuketi kimya akirudia neno moja. Alipoingia utawani mwaka 1959 akaambiwa aiache njia hiyo, naye akatii. Miaka mingi ikapita, ndipo akakuta katika maandishi ya Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya 4 na ya 5, kwamba Wakristo wa kale nao walisali hivyo, wakirudia mstari mmoja wa Zaburi. Akaanza kuwafundisha watu hata alipofariki mwaka 1982. Neno alilowapa ni Maranatha, lililo mwishoni mwa Wakorintho wa kwanza.

Mwaka 1989 Roma ilitoa barua kwa maaskofu juu ya jambo hili, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16. Ilisema mema ya njia za mashariki yasidharauliwe, mradi sala ya Kikristo ibaki kuwa mazungumzo ya mtu na Mungu. Ikaonya pia kwamba utulivu na joto zuri mwilini visidhaniwe kuwa ni Roho Mtakatifu. Onyo hilo lilitugusa, kwa sababu hata katika mikesha yetu tunaweza kuchanganya msisimko na Roho.

MTAZAME PIA MWALIMU

Jambo moja tena, mama. Anayefungua moyo mbele ya mwalimu amejiweka mikononi mwake. Mwaka 2012 yule John Friend aliacha uongozi wa Anusara baada ya tuhuma juu ya mwenendo wake, zikiwamo za uhusiano na wanawake waliokuwa wanafunzi wake. Walimu wengi waliondoka, na waliobaki wakaiendesha shule hiyo bila yeye. Hatulisemi hili kwa kuwacheka, maana aibu za namna hiyo zimeonekana hata madhabahuni. Tunalisema ili binti zetu wajue kwamba maneno matamu juu ya moyo hayamfanyi msemaji kuwa salama.

TUWAAMBIE NINI BINTI ZETU?

Sisi tulikubaliana hivi. Kwanza, tusimkemee mtoto kabla hatujamsikiliza. Anayekimbilia mkeka ana kitu kinachomwuma.

Pili, tumsaidie kutenganisha. Kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi taratibu si dini ya mtu. Kutamka majina ya miungu, kuinamia sanamu, au kukiri kwamba mimi ndimi Mungu, hayo Mkristo hayafanyi.

Tatu, tumwulize juu ya mwalimu. Je, anafundisha mchana mbele ya watu? Anaheshimu ndoa yake? Anamruhusu kuuliza na kukataa?

Nne, tuyatazame matunda, kama Wagalatia 5:22 inavyotufundisha. Je, amekuwa mpole zaidi kwa mumewe na kwa housigeli wake, au amejifungia katika nafsi yake?

Tano, tumpe kitu, tusimnyang'anye tu. Jioni, watoto wakilala, keti mahali patulivu, mgongo wima, mikono mapajani. Vuta pumzi, na katika kuitoa utaje jina la Yesu. Fanya hivyo kwa dakika kumi. Mwili wako umechoka, nao umealikwa kusali pamoja nawe.

Binti yetu bado ananyoosha viungo vyake asubuhi, maana mgongo umepona. Lile darasa ameliacha kwa hiari yake, na siku hizi anasali na mumewe. Mtoto hajapata bado. Sisi hatukumwahidi kwamba atapata, kwa kuwa si sisi tunaotoa. Kila Alhamisi tunawataja wale wawili katika sala, pamoja na wa kwenu mliowapoteza mkanyamaza. Tunamwomba Yeye aliyewaona kabla yetu.