Mti wa Kushindilia

Mererani ya miaka ya tisini, kila tajiri wa mgodi alinunua vitu viwili bila kusukumwa: kompresa na mashine ya kuchoronga. Kompresa ilinguruma juu usiku na mchana ikipeleka hewa chini kwa mabomba ya plastiki, na mgodi wenye kompresa mpya haukukosa wanaapolo, yaani wachimbaji. Baada ya hapo zilinunuliwa baruti, fataki na tambi, kwa bei iliyomfanya tajiri akune kichwa. Mti wa kushindilia baruti shimoni haukuwamo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Uliokotwa tu. Mpini wa jembe uliovunjika, mwiko wa mama lishe, kipande cha papi kilichobaki kwenye ujenzi wa kibanda. Na kwenye migodi mingine, Mungu apishe mbali, walitumia nondo.

Nilifika huko mwaka 1996, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumshangaza mtu nyumbani. Baba mdogo wangu alikuwa mlipuaji. Alikuwa na cheti kutoka ofisi ya madini, amekikunja ndani ya mfuko wa nailoni, na alikitoa kwa madaha pale tu alipotaka kumnyamazisha mtu. Walipuaji wenye cheti walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Wengi walijifunza kwa kumtazama mwenzao, na yule mwenzao naye alijifunza kwa kumtazama mwingine ambaye pengine hakuwepo tena wa kuulizwa.

Mji wenyewe ulikuwa vumbi. Ukitokea barabara ya uwanja wa ndege wa KIA uliona vibanda vya mabati na mbao vya Songambele, maduka ya kamba, tochi na betri, madalali waliokaa juu ya ndoo wakigeuza mawe kwenye mwanga wa jua, na nyuma ya yote hayo Mlima Kilimanjaro, ambao hakuna aliyekuwa na muda wa kuutazama. Tanzanaiti iligunduliwa hapo mwaka 1967, na mpaka leo haijaonekana mahali pengine popote duniani. Serikali iliyagawa machimbo katika vitalu, A hadi D. Sisi tulikuwa upande wa wachimbaji wadogo, ambako mtu alifanya kazi kwa ugali, maharage na ahadi. Jiwe likitoka mnagawana, lisipotoka mnaendelea kula maharage.

Chini mwamba una kinywe kingi, kile chenye kupaka weusi unaometa. Mtu akitoka shimoni humjui mpaka aongee. Shimo linashuka kwa mshazari likifuata mkanda wa madini, huku unashika kamba, kule ngazi ya miti, mahali pengine unatambaa kwa tumbo. Tochi tulizifunga kichwani kwa mpira wa tairi la baiskeli. Vitoto vilivyoitwa nyoka vilipenya kwenye nyufa ambazo mtu mzima hakuweza kuingiza bega. Baba Mdogo aliwafukuza wasikaribie mfuko wake, wakati mwingine kwa matusi, na lilikuwa jambo pekee ambalo alilitukania.

Kazi yangu ilikuwa kubeba. Lakini sikuruhusiwa kubeba kila kitu: nilichukua baruti, yeye alichukua fataki ndani ya kisanduku cha mbao chenye kifuniko, na hatukushuka tukiwa tumeongozana. Alitangulia, nikasubiri, ndipo nikashuka. Sigara na viberiti vilibaki juu kwa mama lishe, isipokuwa kimoja cha kuwashia tambi, ambacho kilikuwa mfukoni mwake na hakuna mwingine aliyekigusa. Kwenye mfuko wake mwingine kulikuwa na koleo ya kubania fataki kwenye tambi. Walipuaji wa migodi ya jirani walibana kwa meno. Nimewaona kwa macho yangu, wakitabasamu baadaye kana kwamba wameng'ata muwa. Kulikuwa pia na kijiti cha shaba cha kutobolea baruti, kijiko kirefu cha shaba cha kukwangulia shimo, na bomba jembamba la kupulizia.

Na mti. Aliuchongesha kwa seremala Arusha mjini, mninga ulionyooka, mwembamba kidogo kuliko tundu la mashine yetu, mrefu kupita kina cha shimo ili mkono usije ukaingia ndani. Haukuwa na msumari, wala kipande cha bati mwishoni, wala waya wa kufungia ufa. Ukipata ufa ulikwenda jikoni. Kichwa chake kilikuwa bapa, na kikianza kuchanua kama ufagio alikikata kwa msumeno, na mti ukawa mfupi kidogo, mpaka siku ulipokuwa mfupi mno akaenda tena Arusha. Aliuosha kwa maji na kuulaza juu ya uchaga ndani ya kibanda. Niliwahi kumwona akimnyang'anya mpishi aliyetaka kuutumia kuning'inizia nguo.

Kazi ya kuchaji, yaani kujaza baruti mashimoni, ilianza mashine ikishazimwa na masikio yakaacha kulia. Alipuliza kila shimo kwa hewa ya kompresa, amesimama kando, maana tope na changarawe hurudi na kumpata aliyekaa mbele ya mdomo wa shimo. Akakwangua kwa kijiko. Kisha mti uliingia mtupu, kabla ya baruti yoyote. Ulikuwa na alama za kisu kuanzia kichwani, na kwa alama hizo alijua kina cha shimo bila kumuuliza mchorongaji, ambaye siku zote alisema shimo ni refu kuliko lilivyo. Ukikwama njiani, ndani kuna jiwe au shimo limepinda. Shimo la namna hiyo aliliacha, hata tajiri akilalamika kwamba limekula mafuta bure.

Baruti yenye fataki haikushindiliwa hata siku moja. Ilisukumwa polepole hadi mahali pake, kwa mti, na mti ukarudi. Zilizofuata zilibanwa kwa kusukumwa. Kugonga kulikuwa mwiko. Kila baada ya baruti moja alitazama alama: imefika ilipotakiwa au imeacha nafasi katikati? Mwisho uliingia udongo wa mfinyanzi niliouviringisha mimi, ukaziba mdomo wa shimo ili nguvu ya mlipuko iumize mwamba badala ya kutoka nje ikiwa moshi. Tangu shimo la kwanza hadi la mwisho hakuzungumza. Mimi pia nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asitumie fataki za umeme, tulizosikia kwamba kampuni kubwa zinazo. Alichukua kiganja changu, akakigeuza, akanionyesha weusi wake. "Hii inapitisha umeme," alisema. "Ukuta wote huu unapitisha umeme. Na juu kuna nyaya za jenereta zimefungwa na nani, sijui. Wewe ungetaka nichaji kwa umeme humu?" Sikutaka. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata zile mashine zinazopakia baruti ya chenga kwa kuipuliza kwa hewa zina hatari ya aina hiyo: chenga zikisuguana na mpira mkavu huzalisha umeme tuli, kwa hiyo mpira wake hutengenezwa maalumu ili umeme ushuke ardhini badala ya kujikusanya. Mpira wa maji wa dukani, ingawa kwa macho unafanana nao, haufai.

Alikuwa na hadithi moja aliyoirudia, aliyoipata kwenye mafunzo ya cheti. Mmarekani mmoja alikuwa akishindilia baruti kwa mtaimbo, mtaimbo ukagonga mwamba, cheche ikatoka, na chuma kikaingia shavuni, kikatokea utosini, kikaanguka mbali. Mtu hakufa. Akakaa, akazungumza. Wanaapolo walicheka, nami nilicheka nao, maana Mererani hadithi za namna hiyo zilikuwa nyingi kuliko tanzanaiti.

Miaka mingi baadaye niliikuta kwenye kitabu. Aliitwa Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli, na ilitokea tarehe 13 Septemba 1848 karibu na Cavendish, jimbo la Vermont. Mtaimbo ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi. Aliishi hadi mwaka 1860, na fuvu lake pamoja na ule mtaimbo vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya chuo cha tiba cha Harvard. Wataalamu wa ubongo wameandika juu yake vitabu kwa vitabu, kwa sababu tabia yake ilibadilika baada ya ajali. Katika kurasa zote nilizosoma, hakuna aliyejishughulisha na swali ambalo Baba Mdogo angeliuliza kwanza: kwa nini alipewa chuma?

Nondo niliiona ikifanya kazi yake kwenye mgodi wa jirani. Mti wao ulikuwa umevunjikia ndani ya shimo, na tajiri wao alikuwa mjini. Kijana mmoja alishika nondo. Sisi tulikuwa juu, tukasikia mshindo mmoja mahali ambapo hapakuwa na filimbi wala mtu aliyeita "Baruti!", tukajua. Walimpandisha kwa kamba. Alipoteza mkono wa kulia na jicho, na walipomsafirisha kwenda hospitali walimlaza nyuma ya gari la wazi juu ya magunia ya udongo yaliyokuwa yakipelekwa kuchekechwa. Jioni ile kompresa yao ililia kama kawaida. Baba Mdogo alikwenda kuwaachia mti mmoja wa akiba. Nilipopita wiki zilizofuata ulikuwa umeegemezwa mlangoni, unatumika kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mkali, alikunywa siku za mapumziko, na mgawo wangu wa jiwe la kwanza sikuuona wote. Lakini kulikuwa na usiku mmoja ambao ulinifanya nimwamini katika jambo lolote lililohusu shimo. Tulikuwa tumechaji mashimo 12. Alipiga filimbi, akatuma watu wawili kwenye mitobozano, yaani pale migodi ya jirani ilipotobokea kwetu, ili walio upande wa pili watoke. Akawasha tambi kwa utaratibu wake, tukapanda. Yeye alihesabu milipuko kwa midomo, bila sauti. Ilipokwisha akasema, "Kumi na moja."

Tajiri alikuwepo usiku ule, jambo la nadra. Alisema ameisikia yote, miwili imelia pamoja. Wanaapolo walimuunga mkono, kwa kuwa mkanda ulikuwa umeanza kutoa rangi ya bluu na kila mtu alikuwa na haraka. Baba Mdogo alikaa juu ya jiwe mdomoni mwa mgodi, mti umelala magotini pake. "Bosi," alisema, "mgodi ni wako. Hesabu ni yangu. Kumi na moja." Hakuna aliyeshuka hadi asubuhi. Kulipokucha alishuka peke yake, na kweli shimo moja la chini lilikuwa limegoma, tambi imekatwa na jiwe la mlipuko wa jirani yake. Baruti iliyogoma haichokolewi, si kwa mti, si kwa mkono, si kwa kitu chochote. Aliishughulikia kwa muda mrefu, mwenyewe, sisi tukiwa juu, na alipotoka aliomba chai. Tajiri alimpa shilingi elfu tano bila kusema ni za nini.

Aprili 1998, mvua za El Niño zilijaza maji migodini na kuua makumi ya watu. Wengi walikuwa watu ambao tulikula nao. Mimi niliondoka mwaka ule. Baba Mdogo aliendelea miaka kadhaa, akaja kuacha kwa sababu ya kifua, maana moshi wa baruti na vumbi havisamehi hata mwenye cheti.

Leo vifaa vimebadilika. Kwenye maonesho ya madini huko Geita nilishika mti wa plastiki unaorefushwa kwa vipande vinavyounganishwa bila chuma, mwepisi kuliko mninga wetu. Kijana aliyekuwa kibandani alinieleza kwamba faida yake kubwa ni umbali: mlipuaji anafikia shimo la juu akiwa amesimama chini ya dari iliyokwisha kutegemezwa, badala ya kupanda juu ya kifusi chini ya mwamba uliolegea. Aliniita mzee, akataka kujua kama nimewahi kuona baruti. Nilimwambia kidogo. Jambo alilolieleza lina maana kubwa, kwa sababu pale usoni mwa mwamba jiwe linalodondoka ni hatari ya kila siku, hata kabla baruti haijaingia shimoni. Kuna pia tambi za plastiki zinazopeleka mshtuko badala ya moto, ambazo hazijali jenereta ya mtu wala kinywe.

Lakini nimepita pia kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Kanda ya Ziwa miaka hii, na nimeona kompresa mpya, simu za bei mbaya, na mpini wa jembe uliovunjika ukiwa umesimama kando ya mashimo yaliyochorongwa. Sheria ya Baruti ipo tangu mwaka 1963, na wakaguzi hawawezi kuwa kwenye kila duara kila alfajiri. Mwenye duara yupo. Ndugu mwenye duara, kabla hujalipia boksi lijalo la fataki, nenda kwa seremala. Mweleze kipenyo cha tundu lako, mwambie asipige msumari, na umlipe bila kupunguziwa bei. Na wewe kijana unayeshushwa ukachaji, ukipewa chuma, kirudishe juu na ukae hapo hapo juu mpaka mti upatikane.