Kidato Kisichokuwepo

Kama dada yangu asingekuwa anakaa ghorofani, pengine ningeendelea kudanganya hadi leo.

Ilikuwa mwaka 2019, hapa Tanga. Majuma matatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeanguka na baiskeli nikitoka Ngamiani kwenda Chumbageni. Ajali yenyewe haina hadithi: shimo, maji ya mvua yamelifunika, nami mbio kama nimeitwa ikulu. Kisogo kikapiga ukingo wa barabara. Nikashonwa nyuzi nne, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, watu wakasema alhamdulillahi. Nami nikasema.

Kesho yake asubuhi Bibi akanipa birika nimmiminie chai. Lahaula! Vikombe vilikuwa viwili, kimoja juu ya kingine, na kile cha chini kimelala upande kidogo kama ngalawa inayoanza kuzama. Nikachagua cha chini. Chai yote ikaishia mkekani.

"Mikono inakutetemeka, mjukuu wangu?"

"Usingizi tu, Bibi."

Uongo wangu ulianzia hapo, na kama ujuavyo, ndugu msomaji, uongo hauli peke yake. Kitabu nikikifungua, mstari wa pili unaukalia wa kwanza mabegani. Nikasema taa ni hafifu. Nikipishana na mtu njiani namwona yeye na pacha wake, sijui nimwamkie yupi. Nikawa nainama naangalia chini, wakasema siku hizi anajidai. Kisha nikagundua hila mbili. Nikifumba jicho moja, lolote lile, vitu vinarudi kuwa kimoja kimoja. Na nikiinamisha kichwa upande wa kushoto, kama kuku anayesikiliza mwewe, vinakaribiana mpaka vinashikana. Basi nikatembea mjini nimeinamisha shingo. Pale barazani mmoja akasema anaringa, mwingine akasema ni jini. Yule wa jini alikuwa na mganga wake tayari, bei yake ya kirafiki.

Siku hiyo ya ghorofani dada alikuwa anashuka kufua. Mikono yake imejaa beseni, akanikabidhi mtoto wake wa miezi saba. "Nishikie mwanao." Nikampokea nikamlaza bega la kushoto, mahali penyewe ambapo kichwa changu kilizoea kuegemea. Kichwa kikasukumwa kulia. Ningeweza kufumba jicho, sikatai. Lakini dada alikuwa ametangulia vidato viwili mbele, kila hatua anageuka kunitazama usoni na kucheka na mwanawe, nami nikaona haya kuonekana nimekunja uso kama anayelenga bunduki.

Kila kidato kilikuwa na mwenzake chini yake. Nikakanyaga. Hapakuwa na kidato.

Nilikaa kwa kishindo, nikateleza vidato vitatu kwa makalio, mtoto nimembana kifuani kwa mikono yote miwili. Hakupata hata mchubuko. Alilia kwa kushtuka tu. Dada aliweka beseni chini taratibu, akanipokonya mtoto, akamkagua kichwa, mikono, miguu. Halafu akaniinamia mimi, nikadhani ananipa pole. Kumbe ananusa pumzi yangu.

"Umekunywa?"

Nikamwambia yote palepale kwenye ngazi, nimekaa. Majuma matatu ya uongo yalimalizika kwa dakika mbili.

Daktari wa macho hakuwa na maneno mengi. Alinifunika jicho la kulia: "Vingapi?" Kimoja. La kushoto: kimoja. "Basi macho yako mazima yote mawili," akasema, "ila hayaelewani." Akanieleza kwamba kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza, na mmoja wao umepitishwa kwenye kapi, sawasawa na kamba ya jahazi. Neva inayouamrisha msuli huo ndiyo nyembamba kuliko neva zote kumi na mbili za kichwani, tena huchomoza nyuma ya shina la ubongo, ikasafiri safari ndefu mpaka kulifikia jicho. Kichwa kikipata kishindo, yenyewe huumia kwa urahisi. Jicho langu la kulia lilikuwa limebaki juu kidogo ya mwenzake.

Akanipimia prizimu. Ni kioo chenye upande mnene na upande mwembamba. Mwanga ukipita humo hupindia kwenye unene, na jicho hudhani kitu kimesogea kwenye wembamba. Prizimu ya 1 husogeza kitu sentimita 1 kwa umbali wa mita 1. Mimi nilihitaji 8. Nilipiga hesabu nikiwa bado kitini: mtu akisimama mita 3 mbele yangu, pacha wake yuko sentimita 24 chini yake.

"Kwa hiyo jicho linanyooka?"

"Halinyooki. Tunaipeleka picha pale jicho lilipo."

Moyo ulinywea. Nilikuwa nimetegemea dawa, hata ya kupaka.

Kwanza nilibandikiwa stika ya plastiki kwenye kioo cha kulia, kwa sababu neva nyingine hupona zenyewe baada ya miezi kadhaa, na hasara ya nini kuchonga kioo kitakachotupwa. Stika ile ina mifereji myembamba, prizimu ndogondogo zimepangwa safu safu. Ndiyo akili ileile ya Mfaransa Augustin Fresnel aliyetengeneza lenzi za minara ya taa za baharini miaka ya 1820. Kila kitu kilikuwa na ukungu, taa za barabarani zikavaa upinde wa mvua. Lakini kikombe kilikuwa kimoja! Nikamimina chai. Bibi akanywa, akasema sukari kidogo.

Neva yangu haikupona. Mwaka 2020 nikapata miwani ya kudumu, 4 kioo cha kulia na 4 cha kushoto, unene wa huku chini na wa huku juu. Hata nayo, nikitupa jicho chini kushoto vitu vinaachana, kwa hiyo kwenye ngazi nageuza kichwa kizima.

Shingo ilinyooka. Dada ndiye hakunyooka. Hakuwahi kunilaumu, na laiti angenilaumu. Kila nikinyoosha mikono kumpokea mtoto alisema, "Acha tu, mzito huyu." Alikuwa mzito kwangu peke yangu, majirani walimbeba. Nikaacha kunyoosha mikono. Mtoto akajifunza kutembea, akawa anashuka ngazi zile mwenyewe.

Sasa yuko darasa la kwanza. Juzi nimejilaza kwenye mkeka wao, nimevua miwani, naye akaichukua akaivaa. Ilimfika mashavuni. Akanitazama, akacheka, akanyoosha mkono kunishika pua, akashika hewa.

"Mjomba, mko wawili!"

"Tafuta wa kweli."

Akajaribu tena, ulimi nje. Dada alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, kitambaa cha jikoni mkononi.

"Fumba jicho moja," nikamwambia mtoto.

Akafumba, akanipata. Dada akasema, "Mvue, ataivunja," lakini hakusogea kuja kumvua.