Mtoto wa Jicho na Presha ya Jicho

Yako magonjwa mawili ya macho ambayo watu huyachanganya, kwa kuwa yote mawili huleta giza. La kwanza ni mtoto wa jicho: lenzi iliyo nyuma ya mboni huingia ukungu, hata mtu huona kama anachungulia katika moshi. La pili ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya jicho: mara nyingi maji ya ndani hayatoki vizuri, yanasukuma, na mshipa wa fahamu upelekao habari za kuona kwenye ubongo hufa polepole. Ukungu huondolewa, na kuona hurudi. Mshipa uliokufa haufufuki.

Mjomba wangu, mkulima wa hapa Komanda, alikuwa nayo yote mawili. Tulimpeleka Bunia, kilomita kama 75. Daktari alimpima, akamulika ndani ya macho, kisha akasema: "Mzee, naweza kutoa mtoto wa jicho na kuyafungulia maji njia siku moja. Ama tufanye moja sasa, na jingine baadaye."

Mjomba akanigeukia: "Mpwa wangu, unasemaje?"

Tukamwomba daktari atueleze. Kazi hizi si ngeni. Lenzi ya kupandikizwa ilianzishwa na Harold Ridley kule London mwaka 1949, na njia ya kutolea maji inayotumika sana ilielezwa na Cairns mwaka 1968. Zikifanywa pamoja, mgonjwa husafiri mara moja na kuuguza kidonda mara moja; lakini mara nyingi presha haishuki sana kama ikifanywa njia ya maji peke yake. Zikitenganishwa, njia ya maji ikitangulia, mtoto wa jicho huweza kukua upesi zaidi. Na kumtoa baadaye kwaweza kuiziba njia ile. Tena kwetu sisi Waafrika kidonda hufanya kovu kwa nguvu, ndiyo maana waganga hutia dawa ya kulizuia. Kwa wengine, ambao lenzi nene imebana mlango wa maji, kuitoa lenzi tu hutosha kushusha presha. Basi hakuna jibu moja la watu wote.

Mjomba alichagua zote pamoja. Barabara yetu haipitiki kwa amani kila siku, naye hakutaka kuitegemea mara mbili.

Bandeji ilipotolewa aliuona uso wa mke wake. Lakini pembeni giza lilibaki, hata mtoto akimjia kwa upande hamwoni. Majirani wakasema: "Wamekula pesa zake bure. Mbona fulani alitoka anaona kote?" Huyo fulani alikuwa na mtoto wa jicho tu! Faida ya kushusha presha haionekani, kwa maana ni kulinda kile kilichobaki. Sasa ni mwaka wa pili, na mjomba bado anakwenda shambani peke yake.

Maneno yale yalileta hasara. Mama mmoja jirani, ambaye muuguzi alimwambia kwamba ana mtoto wa jicho tu, aliyasikia akakataa kupelekwa. Mpaka leo anaongozwa kwa fimbo na mjukuu wake, na mjukuu huyo haendi shule.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya upasuaji mwulize daktari: mshipa umebaki kiasi gani? Baada yake rudini kupimwa hata kama jicho haliumi, kwa maana glakoma nyingi haziumi. Msinunue dawa za macho ovyo sokoni. Nyingine hupunguza wekundu, kumbe zinapandisha presha. Na mwenye glakoma awapeleke ndugu zake na watoto wake wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo. Mimi nami nimekwisha kupimwa. Tena mkisikia mtu anasema upasuaji ulishindwa, mwulizeni kwanza: ulikuwa wa ugonjwa gani?