Gari Moshi Lisilo na Moshi



Wazee wetu waliita treni "gari moshi". Hawakukosea. Treni za wakati wao zilifuka moshi mweusi. Leo, kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, iko treni isiyofuka moshi. Mimi nimeipanda. Njoo tusafiri pamoja.

Kabla ya kupanda, tazama juu ya reli. Utaona waya. Treni huchukua umeme kwenye waya huo. Haichomi dizeli. Ilianza kubeba abiria tarehe 14 Juni, 2024. Wakati huo nauli ya treni ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Mwezi Julai mwaka huohuo safari zilifika Dodoma.

Sasa tunaondoka. Milima ya Uluguru inabaki nyuma. Tunapita Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu. Baada ya saa mbili hivi tumefika Dar es Salaam. Tukitoka barabarani tunakutana na moshi wa malori. Macho yanawasha. Moshi wa dizeli huingia mapafuni. Huleta magonjwa ya kifua na ya moyo.

Nani amelipia treni hii? Serikali imejenga reli kwa fedha za kodi na za mikopo. Mikopo nayo hulipwa kwa kodi. Ukinunua sabuni dukani, umechangia. Basi reli ni mali yako.

Je, umeme wake unatoka wapi? Mwingine hutokana na gesi, na mwingine mwingi hutokana na maji. Katika mto Rufiji liko Bwawa la Julius Nyerere. Mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari, 2024. Maji yake huletwa na mito kama Kilombero na Ruaha Mkuu. Maji yakipungua, itabidi gesi nyingi zaidi ichomwe.

Kwa hiyo mkulima wa bondeni naye anaiendesha treni hii. Katika kazi yangu ya ugani nimeona watu wakilima hadi ukingoni mwa mto. Mvua ikinyesha, udongo husombwa na kujaza mabwawa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Pima kabla ya kushika jembe. Acha miti na nyasi za mtoni zisimame. Shamba likiwa mteremkoni, tengeneza matuta ya kukinga maji.

Serikali imeweka reli na waya. Maji tuyatunze sisi.