Usichague Theluji kwa Sababu ya Picha

Kangema tunajua miteremko. Hata shamba la majani chai huku limelala kwa upande, na mtoto wa miaka sita anajua kuteleza kwenye matope ya Aprili akikalia mtungi uliopasuliwa. Kwa hivyo nikisema nataka kujifunza snobodi, ule ubao mmoja unaofungwa miguu yote miwili halafu unashuka nao kwenye theluji, watu wangu hawashangai mteremko. Wanashangaa theluji. Na swali la kwanza huwa ni lile lile: "Si uende tu hapo Mlima Kenya?"

Hilo tulimalize mapema. Theluji huanguka kule juu, ndiyo, lakini haikai. Barafu ya Lewis imekuwa ikiyeyuka tangu enzi za babu zetu na iliyobaki ni kidogo sana. Hakuna lifti, hakuna mwalimu, na chini ya ile theluji nyembamba kuna mawe. Huko nenda ukapande Lenana.

Mimi na wenzangu watatu tuna chama. Tunaweka kidogo kidogo, na pesa ikifika tunatoka safari moja. Moja tu. Ndiyo maana hatuwezi kuchagua mahali kwa sababu ya video nzuri. Ukifika kwenye mlima uliokuzidi, siku ya pili utakuwa umekaa hotelini ukikanda kiuno, na doo imeisha.

Mimi naangalia hivi. Hakuna msee amewahi kufunzwa boda boda kwenye mteremko wa kushuka mto Mathioya. Unapelekwa uwanja wa shule, Jumapili, hakuna magari, unaanguka mpaka unazoea klachi. Na snobodi ni hivyo hivyo. Usiulize mlima una urefu gani. Uliza kama una uwanja wa shule: mteremko mdogo, mpana, ulio kando na njia za wale wanaopita kwa kasi, na unaoishia mahali tambarare ili usimame hata kama hujui breki.

Halafu uliza lifti. Hapa ndipo wengi hawaangalii kabisa. Mtu wa skii ana miguu miwili huru na fimbo mbili za kujisukuma. Wewe wa ubao, mguu mmoja umefungwa na mwingine unaning'inia. Kuna lifti ya kukokota, chuma chenye umbo la T kinachokuvuta ukiwa umesimama, na kwa anayeanza hiyo ni noma: unaanguka hata kabla hujafika juu pa kuangukia. Kuna viti vinavyoning'inia, ambavyo ni afadhali kidogo, ila kushuka kwenye kiti kunataka mazoezi. Kilicho bora ni ule mkanda unaosonga chini, kama wa mizigo pale uwanja wa ndege. Unasimama juu yake, unapelekwa. Mahali pasipo na kitu kama hicho, utatumia nusu ya siku ukibeba ubao kwa bega.

Sasa, Dubai. Binamu yangu ni mlinzi huko, na amenipigia debe sana. Ski Dubai ilifunguliwa 2005 ndani ya Mall of the Emirates: miteremko mitano chini ya paa, mrefu zaidi kama mita 400. Theluji ni ile ile Januari na Agosti. Nguo, buti na ubao unapewa hapo hapo, na kama hujui kusimama wala kukata kona hawakuachilii kwenye miteremko mikubwa mpaka ufunzwe. Kama uwanja wa shule, ni safi. Shida ni kwamba mtu huchoshwa haraka na mita 400, viza ya Emirati ni gharama nyingine, na muda wa ndani unalipiwa vizuri.

Binamu mwenyewe hajawahi kuingia. Miaka mitatu. Siku yake ya mapumziko huenda pale mall, anasimama kwenye kioo anaangalia watoto wakianguka, kisha anatuma pesa nyumbani. Akaniambia, "Wewe kuja tu, nitalipa ya kwako." Manze, siwezi. Lakini nimewaambia wa chama kwamba kama tutaenda Dubai, tunaenda watano.

Kura yangu ni Lesotho. Afriski iko kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, na msimu wake ni Juni hadi Agosti. Mteremko mkubwa ni kama kilomita moja tu, jambo ambalo wazoefu hulidharau na mimi ndilo linanivutia: wanaoanza wana sehemu yao, kuna walimu na vifaa vya kukodisha, na mashine hutengeneza theluji ya kuongezea inayoanguka. Afrika Kusini iliwaondolea Wakenya viza Januari 2023, kwa hivyo unaruka hadi Johannesburg na kumalizia kwa gari, kama saa tano. Masharti ya mpaka wa Lesotho yaangalie kabla hujalipa chochote. Na nenda siku nne au zaidi. Siku mbili za kwanza ni za makalio.

Kuna mmoja wetu anasema haya ni mambo ya wazungu. Nilimtajia Philip Boit, mkimbiaji wetu aliyefunzwa skii Finland na kuiwakilisha Kenya Nagano 1998. Alimaliza mbio za kilomita 10 wa mwisho kabisa, na mshindi, Bjørn Dæhlie, alikuwa bado anamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Jamaa akanyamaza, halafu akauliza kama Lesotho kuna mtandao wa kupostia.

Chama kinapiga kura Jumapili. Kwa sasa ni wawili Lesotho, mmoja Dubai, na mmoja anasubiri kuona kama binamu atapata likizo.