Fizike ya kuandika tu, na jibu la Carl Wieman

Katika kazi yangu ya redio nimeingia shule nyingi za sekondari, na karibu kila mahali fizike inafundishwa namna moja: mwalimu anasoma daftari lake, wanafunzi wanaandika. Ukiuliza sababu, utaambiwa hakuna labo, na wanafunzi ni wengi mno. Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, nataka kukuongelea Carl Wieman.

Ni Mmarekani, mzaliwa wa 1951, aliyekulia kwenye misitu ya Oregon ambako baba yake alifanya kazi ya mbao. Tarehe 5 Juni 1995, mjini Boulder, yeye na mwenzake Eric Cornell walipoza atomu 2 000 hivi za rubidiumu hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa, ile ya digri 273 chini ya sufuri. Joto lililobaki lilikuwa sehemu 170 za bilioni ya digri moja. Hapo atomu ziliacha kwenda kila moja kivyake, zikawa kama kitu kimoja, jambo ambalo Einstein, akifuata mawazo ya Mhindi Bose, alilitabiri miaka 70 kabla. Mwaka 2001 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Wolfgang Ketterle.

Walizipozaje? Kwanza kwa mwanga wa leza, unaozipunguzia atomu mwendo, maana joto ni mwendo. Kisha walizishika kwa sumaku na kuacha zile zenye nguvu zaidi zitoroke, kama chai inavyopoa mvuke ukipanda. Leza zenyewe Wieman alipenda za bei rahisi, za aina iliyo ndani ya mashine za CD. Mafundi wetu wa redio wanazo nyingi, zimekufa, zimerundikwa chini ya meza.

Lakini kilichonishika mimi si baridi. Wieman aliona wanafunzi waliofaulu vizuri wakija labo yake bila kujua kufanya fizike, akaanza kuupima ufundishaji kama alivyopima atomu. Mwaka 2011 yeye na wenzake wawili walitoa matokeo ya jaribio la Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Makundi mawili, kila moja wanafunzi kama 270, somo moja, juma moja. La kwanza lilihutubiwa na profesa mzoefu anayependwa. La pili lilipewa walimu wasio na uzoefu, lakini wanafunzi walisoma kabla ya kuja, na darasani wakabishana juu ya maswali kwa vikundi vidogo, wakielezwa palepale walipokosea. Kwenye mtihani kundi la kwanza lilipata wastani wa asilimia 41, la pili 74.

Mia mbili sabini! Sijaona kwetu chumba chenye wanafunzi wengi hivyo. Kisingizio cha wingi mimi sikikubali tena. Cha labo nakikubali nusu. Mwaka 2002, kwa sehemu ya fedha za Nobel, Wieman alianzisha PhET, majaribio ya kuchezea kwenye kompyuta au simu, bure. Mengi yanafanya kazi bila intaneti yakishapakuliwa, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Mtoto anaunganisha betri na balbu kwenye kioo cha simu bila kuunguza kitu.

Mwalimu mmoja aliniambia, mikrofoni ikiwa imezimwa, kwamba inspekta akija anaangalia kurasa zilizoandikwa, si maswali yaliyoulizwa. Hilo nitawauliza wakubwa wa elimu, mikrofoni ikiwa imewashwa.