Kando ya mashini ya mbao

Pengine utajiuliza: mchungaji anatafuta nini kwenye mashini ya kukereza mbao? Nilinunua yangu mwaka jana, si kwa biashara, ni kwa kupumzisha kichwa tu. Kila siku ya posho, nyuma ya nyumba hapa Likasi, ninakereza bakuli.

Katika kazi hii mti ndio unazunguka, mkono unatulia. Mulombwa mbichi hautaki haraka. Bakuli la upana wa sentimita 20 ninaliacha kwanza na unene wa sentimita 2, kisha ninaliweka kivulini miezi mingi. Likikauka linajipinda, ndipo ninalirudisha kwenye mashini na kulimaliza. Ukilikausha upesi, linaweza kupasuka.

Kijana wangu ana miaka 16. Mezani ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Lakini akifagia maranda, anaanza kusema mwenyewe: masomo, marafiki, na ile hamu ya kuacha shule aende kuchimba. Mimi ninapiga msasa polepole, ninasikiliza. Nikimkatiza, atanyamaza.

Maneno hayo hatujayamaliza bado. Na wewe mzazi, ni kazi gani ya mikono ambayo mtoto wako anaweza kusimama kando yako ukiifanya?